Jiwe Tamu la Dukani Kwetu

Shuleni, upande wa Mikinduri
Alhamisi, baada ya michezo

Kwako Dada Kuruthumu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji Kasim na huyo mgeni wetu aliye tumboni mkiwa salama, na duka likiwa na wateja wasiokopa. Mimi ni mzima, ila mafua yananisumbua, maana baridi ya huku juu haimhurumii mtu aliyelelewa na jua la Ishiara. Je, miguu imepunguza kuvimba? Unapata usingizi? Mtoto anacheza? Tafadhali nijibu yote, usiniandikie kwamba mko sawa halafu ukajaza ukurasa mzima kwa bei ya sukari.

Nina habari, dada, na nitakusimulia kwa mpangilio ili usije ukaruka ukurasa. Najua unavyosoma barua: unatafuta kwanza mahali nilipoomba kitu. Safari hii ninachoomba kiko mwishoni, na si sabuni.

Tuliambiwa kwamba mwanajiolojia angekuja kuzungumza na chama chetu cha jiografia. Mwanajiolojia ni mtu anayesoma miamba na udongo, jinsi vilivyotokea na vina nini ndani. Mwalimu Kathuri, anayetufundisha jiografia, alitaka kupeleka wale wanaoongoza darasani peke yao, lakini mgeni alikuwa ameandika kwamba anamtaka msichana yeyote aliyewahi kuuliza swali kuhusu ardhi anayoikanyaga. Basi nikaenda, maana mimi maswali ndiyo ugonjwa wangu. Ruguru, rafiki yangu yule anayetembea kwa magongo, akaja pia, ingawa alisema anakuja kwa ajili ya soda.

Gari lilipoingia tulikuwa tumepanga mstari na shada la maua. Akashuka mwanamume mrefu mwenye kofia pana na buti, nasi tukapiga makofi mpaka mikono ikawasha. Deputi, yaani naibu wa mwalimu mkuu, akamshika mkono, akamkaribisha shuleni kwetu, akampeleka hadi kwenye kiti chenye kitambaa. Nyuma yake mama mmoja mfupi aliyevaa raba alikuwa akiteremsha makasha mazito peke yake, na hakuna aliyemsaidia. Mwanamume alipokwisha kunywa nusu ya soda ndipo alipojitetea: "Mwalimu, mimi ni Muchangi, mimi ni dere tu, naendesha gari. Daktari ndiye huyo mnamwacha na mizigo." Deputi alikosa pa kuuficha uso. Sisi pia tuliona aibu, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu, nasi sote ni wasichana, aliyemtazama yule mama akamdhania kuwa ndiye.

Jina lake ni Bi. Eunice Mwongera. Amezaliwa papa hapa Mikinduri, na Kimeru chake ni kile kile cha akina mama wa sokoni. Hakukasirika. Alicheka, akasema amezoea, na kwamba Muchangi ameshanywa soda zake nyingi kwa njia hiyo. Kisha akatuuliza ni nani kati yetu amewahi kujiona akifanya kazi kama yake. Hakuna mkono ulioinuka. Mimi nilikuwa nikikumbuka Mwalimu Kathuri aliponishauri nishike masomo ya biashara kwa sababu kwetu tuna duka, na nilivyoona kwamba ni kweli, binti ya duka arudi dukani.

Akatutuma nje, kila mtu alete jiwe moja. Wenzangu wakatawanyika uwanjani kama kuku waliomwagiwa mahindi. Mimi sikuondoka, maana jiwe nilikuwa nalo mfukoni. Unajua ni lipi, dada. Ni odowa, yale mawe ya kutafuna uliyonifungia kwenye sanduku nikifungua shule. Zamu yangu ilipofika nikaliweka mezani, na darasa zima likaangua kicheko. Wakasema Zuleka anakula mawe, Zuleka ana mimba. Nilitamani ardhi tunayoisoma inimeze.

Bi. Eunice akalichukua jiwe langu, akalikagua, akavunja kipande kwa kucha, akakitia mdomoni. Kicheko kikakatika! Akakisaga kwa meno ya mbele bila haraka, huku akitazama dari, kama wewe unapoonja mchuzi. Akasema kwamba wanajiolojia wengi hufanya hivyo wakiwa kazini. Udongo ukikwaruza meno, ndani yake mna chembe za mchanga ambazo jicho haliwezi kuziona. Ukiteleza kama siagi, huo ni udongo mtupu wa mfinyanzi. Halafu akanipa vipande vyake vitatu, akaniuliza kila kimoja ni cha namna gani. Dada, nilivijua vyote! Nikamwambia hata kwamba kimoja kilichotoka mtoni kina kitu kama kutu kwa mbali, naye akasema ni kweli, kina chuma.

Aliniuliza nimejifunza wapi, nikasema dukani kwa dada yangu. Akaniambia kwamba ili niwe kama wao nimebakiza hatua moja tu, nayo ni kutema. Wao huonja wakatema, tena udongo wanaojua umetoka wapi; mimi nameza. Kila mtu alicheka tena, nami nikacheka nao, na kicheko hicho hakikuuma.

Jumamosi akatupeleka mahali barabara mpya ilipokata kilima. Kumbe ule udongo mwekundu wa huku ulikuwa moto wa volkano zamani, na yale mawe ya kwetu yanayometameta ni ya kale zaidi, yalipikwa chini sana ardhini kabla huu mlima wenyewe haujazaliwa. Nilimsumbua kwa maswali mpaka Muchangi akaniuliza kama kwetu huwa ninalala. Ruguru hakuweza kuteremka bondeni. Bi. Eunice hakumbeba wala hakumwambia pole. Alimpa kompyuta yenye picha zilizopigwa kutoka angani, akamwambia atuelekeze maji yanapopita chini. Ruguru aliketi juu akituamrisha kwa sauti: nendeni kushoto, rudini, simameni hapo, na hapo tulipofukua tukapata udongo umelowa. Tangu siku hiyo haongeleki. Anasema sisi ni vibarua wake, na kwamba kuna watu wanaolipwa kutafuta maji ya visima bila kuchafua kiatu.

Sasa dada, soma polepole.

Siku hiyo hiyo Bi. Eunice alitoa mashine inayofanana na ile ya kukaushia nywele saluni. Ukiielekeza kwenye jiwe, inakuonyesha madini yaliyomo. Kila mtu alipima jiwe lake, na mimi nikapima yangu, maana pakiti uliyonipa ina aina mbili: yale meupe ya siku zote, na yale ya kijivu yaliyokuja baada ya Ramadhani, yale matamu ambayo wateja wanayauliza kwa jina. Meupe yalikuwa sawa. Ya kijivu yalimfanya Bi. Eunice arudie kupima. Akapima kipande kingine, na kingine. Akaniuliza taratibu kama ninayala. Yana madini ya risasi, yale mazito yanayotiwa ndani ya betri za magari. Akasema kwamba risasi inaweza kuwa na utamu kwenye ulimi, kwamba inaingia kwenye damu, na kwamba kwa mama mjamzito haiishii kwa mama.

Nilijifikiria mimi kwanza, nakiri, halafu nikakufikiria wewe.

Jumatatu Mwalimu Kathuri alikupigia simu. Ulimwambia utayatoa dukani, nami nakushukuru kwa ajili ya wateja. Kisha akanipa simu nami nikakuuliza kama wewe mwenyewe unayala. Ulisema huli mawe, unauza tu, na kwamba mjamzito mwenye akili hawezi kutafuna udongo. Nilijua kwamba shemeji alikuwa karibu. Najua pia tulivyoapizana, mimi na wewe, kwamba sitamwambia mtu, tangu siku ile nilipokufuma nyuma ya magunia ya mchele. Lakini dada, ulipokuwa ukinikatalia, nilikusikia ukitafuna.

Nilikusikia wazi kabisa. Mlio ule naujua kuliko sauti ya kengele ya shule. Nilirudi bwenini nikalia, na Ruguru akakaa nami bila kuniuliza kitu, jambo ambalo kwake ni muujiza. Kuna ile methali ya mficha maradhi, nami sitaki hata kuimalizia.

Najua unachofikiria sasa: unamfikiria yule mtoto wa kwanza aliyetutoka. Nami nilimuuliza Bi. Eunice. Alinikanya nisiseme nisilolijua. Mawe ya kijivu yalikuja baadaye, kwa hiyo hatuna sababu ya kuyahusisha na msiba ule, na wewe usijitwike mzigo huo. Huyu aliyepo ndiye tunayeweza kumsaidia. Damu hupimwa hospitalini, na mtu akiacha mapema kuna tofauti.

Barua hii nitaifunga na kumkabidhi shemeji Jumamosi akija kunitembelea. Siri yako iko salama.

Jumamosi, saa za mchana

Dada, nimeifungua tena bahasha. Siri yako haiko salama. Nimeitoa.

Shemeji alifika na bakuli la nyama ya mbuzi, tukaketi kwenye nyasi. Nikamuuliza habari zako. Akasema unaumwa na kichwa kila siku, tumbo linakukata, na kwamba mama mmoja jirani amemwambia hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume. Alikuwa akitabasamu aliponiambia hivyo. Sikuweza kula. Nikamwambia yote: mashine, risasi, na kwamba unayala nyuma ya magunia. Nilikuwa nimejiandaa aniulize kwa nini tulimficha.

Hakuniuliza. Aliweka mfuniko kwenye bakuli, akauondoa, akaurudisha tena, kana kwamba haukukaa sawa. Kisha akaniambia kwamba alijua. Alijua tangu mwezi wa kwanza wa mimba, kwa sababu alikuwa akiona vumbi jeupe kwenye leso yako. Aliona haya kukuambia kwamba anajua, akaona akutafutie yaliyo bora. Dada, yale matamu hayakuletwa na yule mama wa jumla anayekuuzia meupe. Ni yeye aliyekuwa akiyanunua kwa mtu fulani huko Gachoka anakokwenda kuchukua mbuzi, akirudi anayachanganya kwenye katoni yako kimyakimya. Aliona wewe unayapenda, naye akafurahi kwamba hata akikosa kukupa kitu kingine, hicho unakipata. Hata juzi, ulipoyatoa dukani bila kumwambia sababu, alidhani yameisha, akakuletea mengine.

Nikamuuliza yule mtu anayachimba wapi. Alifikiria. Akasema ni nyuma ya karakana ambako betri kuukuu za malori huvunjwavunjwa. Alipojisikia akitamka hivyo alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Sijawahi kumwona shemeji akilia, na wazazi wa wenzangu walikuwa wamejaa uwanjani, na yeye hakujali.

Ameniomba nikuandikie mimi, kwa sababu anasema mdomo wake hautaweza. Ananiuliza kila baada ya muda nimefika wapi. Yuko langoni, ameshika lile bakuli, na kila gari likipita anatazama kama tayari amechelewa. Usimfokee, dada. Alikuwa akikupenda kwa namna aliyoijua, na hakuna kati yetu watatu aliyejua kilichokuwa mkononi mwetu.

Ninachoomba ni hiki. Ukimaliza kusoma, funga duka, hata kama kuna mteja kaunta, mwende hospitali pamoja na umwambie daktari neno risasi. Yaliyosalia usiyatupe, yafunge kwenye karatasi, meupe mbali na ya kijivu, uyaweke mahali pasipofikiwa na mtu. Bi. Eunice hataki kumlaumu yeyote kabla ya kupima udongo wa pale karakana, maana huenda chanzo ni kingine. Tukifunga shule atakuja na mashine, na ameniambia nitakwenda naye, na Ruguru atachora ramani. Nataka kujua risasi hiyo imeenea hadi wapi, kama imefika kisimani, na ni akina mama wangapi wengine wanaoyaita matamu. Maswali yamenijaa, dada. Nadhani hii ndiyo kazi ninayoitaka maishani, na utanisamehe ikiwa duka litamkosa mrithi.

Nilipokuwa kule kwenye kilima nilijiambia kwamba siku moja nitagundua kitu, na watu watasema ni Zuleka wa Ishiara aliyekipata. Nilifikiria dhahabu, au maji. Sikufikiria kwamba kitu cha kwanza nitakachokigundua kitakuwa ndani ya damu yako. Nikasirikie upendavyo kwa kuvunja kiapo, unitukane hata mbele ya wateja, lakini unikasirikie ukiwa mzima na mtoto akiwa mapajani.

Wasalimie majirani wote, na yule mama wa dalili za mtoto wa kiume umwambie namheshimu lakini asitushauri tena. Ruguru anakusalimu. Mungu akulinde wewe na huyo ambaye bado hatujamwona.

Nenda sasa. Shemeji amesimama mbele yako, hajui pa kuweka mikono. Mshike.

Mdogo wako akupendaye,
Zuleka