Sikukuu ya Roccamara na Nguo Nyeusi za Mama

Louisville, 4 Mei 2025

Josiane binti yangu,

Jambo sana. U mzima? Huku tunamshukuru Mungu, ni magoti tu yananisumbua.

Bon, tarehe 16 Agosti kaka yako Birindwa anamaliza matanga ya baba yenu, nyumbani kwake Columbus. Wewe ndiwe mtoto wa kwanza, wewe ndiye utakayenivua nguo nyeusi. Omba ruhusa kazini mapema.

Mama yako

Buffalo, 2 Agosti

Mama,

Pole na magoti. Mimi mzima. Sitakuja Columbus. Bibi Agata, yule ninayemtunza hapa West Side, anataka kuuona mji wao wa Roccamara, Sisilia, mara ya mwisho. Sikukuu ya mtakatifu wao ni siku hiyohiyo, na watoto wake wamekataa kumsindikiza. Mke wa Birindwa akuvue.

Binti yako

Louisville, 3 Agosti

Josiane,

Leo sikuulizi habari za afya. Mkwe aguse nguo za mamamkwe? Umeyaona wapi hayo? Watoto wa Agata wamemkataa mama yao, wewe ndiye umbebe, na wako umwache na nyeusi mwilini? Huna haya!

Mama yako

Roccamara, 17 Agosti

Mama,

Natumaini hujambo. Nimemsukuma Agata kwenye kiti chake hadi juu ngomeni. Anasema Waarabu ndio walioianza, Wanormani wakawanyang'anya, kisha tetemeko likabomoa nusu. Kuna nyumba zilizochongwa mwambani, na masista wanauza vikeki vya lozi kupitia tundu la ukutani. Jana sanamu ya mtakatifu ilizungushwa mji mzima, watalii wakipiga picha. Milango mingi imefungwa. Wenyewe walihamia Buffalo zamani.

Sasa sikia. Baba alipofariki niliomba mnisubiri siku mbili tu. Mkamzika. Nilikuta kifusi na maua yaliyonyauka, na hadi leo hakuna aliyeniambia pole. Halafu unaniita nikuvue? Hapa wajane wazee wanavaa nyeusi hadi kufa. Kaa hivyo na wewe.

Josiane

Louisville, 20 Agosti

Binti yangu,

Salamu, ingawa bado nimekasirika, usijidanganye. Siku ya matanga Adolphine wa kanisani alinyoosha mkono anivue kitambaa. Nikaupiga huo mkono, padri akiona. Watu walikula wakaondoka. Birindwa hasemi nami.

Jumamosi ya tarehe 30 nitakuwa kwenye kaburi la baba yako hapa Louisville. Wageni hakuna, chakula hakuna. Birindwa ataleta udongo na koleo, apende asipende. Njoo kwanza umzike baba yako kwa mikono yako. Tutakungoja hata jua lizame. Ukimaliza kulia, univue.

Mama yako