Aombe kwa Mdomo Wake

Jumapili, 15 Januari

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Leo Lizelle ameniletea masharti ya baba yake. Nataka kumwoa bintiye? Sawa. Nije mwenyewe, nikae sebuleni, niombe kwa mdomo wangu. Na niombe kwa Kiafrikana! "Mwambie, mtoto wangu simtoi kwa lugha ya ofisini." Ndiyo maneno ya baba mtu, Oom Apools; "Oom" ndiyo heshima yao kwa mzee.

Kwani mimi na Lizelle hatuelewani? Tunaongea Kiingereza, tunagombana Kiingereza, tunapatana Kiingereza. Na hapa Upington mimi si mgeni wa jana. Vyumba vya baridi vya zabibu zao anatengeneza nani? Mimi. "Goeiemôre" ya kusalimia asubuhi, "baie dankie" ya kushukuru jioni, kazi inakwenda.

Halafu kujiposea! Kwetu Taung, kwa Watswana, mwanamume hajiposei. Wajomba ndio wanaokwenda. Anayejiposea ni yule asiye na mtu duniani. Mjomba Kenosi akisikia hili — Mungu wangu.

Jumanne, 17 Januari

Amesikia. Nimempigia mwenyewe. Akauliza: kwani sisi tumekufa? Ukoo mzima umezikwa lini, mbona hakualikwa matangani? Nikasema, mjomba, ndiyo mila yao. Akasema na yetu je, ni mchezo wa watoto? Akakata simu. Mtu aliyenilea tangu baba afariki!

Somo la kwanza na Lizelle. Ile sauti ya kukwaruza kooni haikunisumbua, hata kwenye Kitswana tunayo. Lizelle alishangaa. "Wageni wote huishia kukohoa, wewe umeipatia papo hapo!"

Ila adabu yao sasa! Mzee humwambii "wewe" hata kwa bahati mbaya. Unamtaja tu. Oom amelala vizuri? Oom anataka kahawa? Unasema na mtu kana kwamba yuko chumba cha pili. Nikakosea, nikakosea tena. Lizelle akacheka. Nikachukua kofia yangu nikaondoka.

Jumamosi, 28 Januari

Aibu niliyoipata leo!

Nyama ya makaa kwa akina Lizelle. Oom Apools akasema chakula "nou-nou". Mimi najua "nou" ni sasa. Nikasimama na sahani yangu, peke yangu, kama mwenye njaa ya mwaka. Wote wakaangua kicheko. Kumbe "nou-nou" ni baadaye, labda jua likizama! Tannie Siena, mama yake Lizelle, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. "Kaa, mwanangu, kaa, hata kondoo mwenyewe hajaiva."

Mzee yeye hakucheka. Afadhali angecheka. Alinisahihisha kila neno mbele ya watu. Nikiomba chumvi: "Rudia." Nikishukuru: "Rudia, kijana." Mimi, mwanamume mzima, fundi!

Simu ikalia, Mjomba Kenosi. Nikasogea kando ya mzabibu karibu na veranda nikamwaga yote kwa Kitswana, kwa sauti. Nikamwambia, mjomba, huyu mzee ni beberu zee lenye ndevu, kazi yake kuwapiga watu pembe, na kama si binti yake nisingekanyaga zizi lake. Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza tangu anikatie simu. Kisha akakumbuka amenuna, akasema nisimtafute mpaka nipate akili.

Nilipogeuka, Oom Apools alikuwa pale pale verandani, anamimina kahawa. Akakohoa. Akaniuliza kwa lugha yake kama nataka sukari.

Jumatatu, 30 Januari

Eti Oom anasema naendelea vizuri. Naendelea vizuri! Mimi ni ndama wa kunenepeshwa?

Nikamwambia Lizelle basi, twende tukafunge ndoa serikalini, tumalize. Akatikisa kichwa. Bila baba yake kumkabidhi kwa mkono wake haolewi. Si na mimi, si na mwingine. Hakupandisha sauti. Ndiyo maana najua hatanii.

Jumatano, 8 Februari

Jumapili ndiyo siku. Sentensi ni moja: "Oom, Tannie, ek kom die ouers vra." Nimekuja kuwaomba wazazi binti yao. Nimeikariri ndani ya chumba cha baridi, moshi ukinitoka mdomoni. Wapakiaji wananiitikia kutoka nyuma ya makreti: "Mchukue tu, kijana! Na mama mkwe mchukue, anapika vizuri!" Washenzi hawa.

Mjomba hapokei simu.

Mchana nimeungua kidole kwenye bomba. Nikapiga ukelele: "Eina!" Si Kitswana! Maumivu yangu mwenyewe, nayalia kwa lugha ya yule mzee! Nilikaa juu ya kreti nikajichukia. Kidole bado kinauma.

Jumapili, 12 Februari

Niko kwenye pikapu, nje ya geti lao. Naandika nisije nikaupiga ngumi usukani.

Baada ya ibada nilikaa sebuleni. Suti, jasho, kahawa, biskuti. Oom Apools kwenye kiti chake, Tannie Siena pembeni, Lizelle mlangoni. Nikasimama. Nikaisema. Yote, bila kukwama, bila "wewe" hata moja! Tannie akatabasamu.

Mzee akaweka kikombe chini. Akanijibu.

Kwa Kitswana.

Si kile cha kuokota sokoni. Cha kwetu, cha Taung, cha watu wazima wakipokea wageni. "Kijana, beberu zee lenye ndevu linakuuliza: mjomba wako yuko wapi? Tangu lini mwanamume akajiposea?"

Tannie anatutazama, mara yeye mara mimi. Lizelle akamwita baba yake: "Pa?"

Hakumgeukia. Akaendelea kuniambia mimi. Mama yake alitoka Taung. Siku watu wa serikali ya ubaguzi walipokuja kuwaandika rangi, nani mweusi wa kuhamishwa, nani chotara wa kubaki, mama aliwaambia watoto: kuanzia leo, atakayesikika na Kitswana ametuhamishisha sote. Akawafundisha Kiafrikana kwa fimbo, neno kwa neno. Rudia. Rudia. Mama akafa hajalisema tena hata neno moja la kwao.

Hapo hasira ikanipanda upya. Nikamuuliza, kwa Kitswana, kwa hiyo Oom amenifanya mwanafunzi bure? Amenitenganisha na mjomba wangu bure?

"Mimi pia nilifanywa," akasema. Machozi yanamtiririka ndevuni, sauti haitetereki. "Nenda kamlete mjomba wako. Bila yeye mimi na wewe hatuna mazungumzo."

Nikatoka.

Nampigia Mjomba Kenosi. Inaita, inakatika. Nampigia tena. Ndani ya nyumba Tannie Siena anapiga kelele: miaka yote hii, Apools! Kitanda kimoja miaka yote hii! Mzee simsikii.

Lizelle amefika getini na viatu mkononi. Anagonga kioo cha gari. Nimekishusha.

"Baba yangu amesema nini?" ananiuliza. "Niambie. Baba yangu amesema nini?"