Bwana Hataki Kuitwa Bwana

Ziwani, Jumanne, 9 Machi 1982

Ati tusimwite bwana tena, kwa kuwa hilo ni neno la ukoloni. Kuanzia leo mkuu wetu wa ofisi anataka kuitwa bosi.

Saa ya chakula nilikwenda maktaba nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Neno bosi lilitoka kwa Waholanzi, na maana yake ni bwana. Ndilo lile lile Waafrika wa Kusini wanalolazimishwa kuwaitia makaburu.

Nilimwambia Wafula, karani mwenzangu. Akacheka. "Mwambie basi, msomi. Si barua yako ya kuthibitishwa kazini iko kwake?"

Iko kwake, haijatiwa sahihi.

Saa kumi aliniita. Nilisimama wima nikasema, "Naam, bosi." Nimejikasirikia, maana nililitamka vizuri kuliko wote.