Daftari Zangu Ukutani kwa Wachumba

Jumamosi. Ukungu umekaa juu ya mji wetu wa Butembo mpaka saa nne, na mimi nimekaa na kichefuchefu tangu asubuhi mpaka sasa.

Si cha malaria. Ni cha watu wawili.

Dada yangu Masika anaolewa baada ya wiki tatu. Mchumba wake anaitwa Kasereka, ni seremala, na mbuzi wa mahari walishafika nyumbani. Lakini mama ana sheria yake: mpaka siku ya kanisa, Masika hatembei na Kasereka bila mtu wa kukaa katikati. Mwisho wa juma, mtu huyo ni mimi. Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na kila Jumamosi na Jumapili nageuzwa ukuta kati ya watu wanaopendana.

Katikati ni mahali pabaya. Unaona kila kitu.

Kasereka analamba. Sijui niseme vipi kwa upole. Analamba kidole kabla ya kufungua mfuko wa plastiki, analamba penseli kabla ya kuchora mstari kwenye ubao, analamba dole gumba halafu anafuta nalo vumbi kwenye shavu la dada yangu. Na dada yangu, ambaye zamani aliosha kikombe mara mbili kama mimi nimekinywea, anafunga macho na kucheka.

Juma lililopita tulikwenda Beni juu ya pikipiki moja, Kasereka akiendesha, mimi katikati, Masika nyuma. Kule ni joto, na jasho lote la Kasereka lilihamia kwenye blauzi yangu. Wakanunua brochette, mishikaki ya mbuzi. Kasereka akavuta nyama kwa meno, akaitoa mdomoni mwake, akaitia mdomoni mwa Masika. "Kula, sheri." Nikafungua daftari na kuficha uso. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne kabla ya kujua kwamba sisomi.

Sikusema kitu. Mimi huwa sisemi. Nikiulizwa jambo naitika "mm" ili watu waondoke, niendelee kusoma.

Hiyo "mm" ndiyo iliyoniletea msiba.

Nyumba yao ya ndoa iko upande wa pili wa kilima, ya mbao, vyumba viwili. Mbao mpya zikikauka huachana, na baridi ya hapa kwetu hupita kwenye nyufa kama mtu mwenye ufunguo. Ndiyo sababu watu hubandika karatasi ukutani kwa uji mzito wa unga wa muhogo: magazeti, katoni, kalenda za zamani, chochote. Wachumba wetu wamefanya kazi hiyo wiki hii yote, mama yake Kasereka akiwaangalia kwa sababu mimi nilikuwa shuleni. Leo ndipo nilipoitwa kuona.

Harufu ilinipokea kwanza. Uji wa muhogo wa siku nne huchacha. Ulinuka kama maziwa yaliyosahauliwa ndani ya kiatu. Mende wawili walikuwa wanaula pembeni mwa dirisha, bila haya. Kisha macho yangu yakazoea giza, nikaona mwandiko wangu.

Ukuta mzima. Kuta mbili.

Biolojia ya mwaka wa nne na wa tano, kemia, historia. Shuleni kwetu hakuna vitabu. Mwalimu anasoma, sisi tunaandika, na tulichoandika ndicho kitabu. Mtihani wa Taifa unakuja mara tu baada ya harusi, nao unauliza mambo ya miaka yote. Daftari hizo nilizifunga kwa kamba na kuziweka chini ya kitanda, zingoje mwezi huu.

"Yaya," nilimwambia dada yangu, "ile ni makaye yangu."

"Si nilikuuliza?" Masika alijibu. "Nilisema, ile makaratasi ya chini ya kitanda, tubebe? Ukasema mm."

"Nilikuwa nasoma."

"Mais weye kila siku unasoma! Batu bangojee umalize lini?"

Kasereka alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililonichefua zaidi.

"Shemeji, angalia muzuri," alisema. "Sikubandika ovyo. Nilifwata namba, page kwa page. Huku tumbo, huku damu, kule bafalme. Mwandiko yako ni ya muzuri. Nilisema hata batoto betu batasomea hapa."

Ilikuwa kweli. Kurasa zilipangwa sawasawa, hakuna hata mmoja uliogeuzwa kichwa chini. Mtu huyu aliyeacha shule mwaka wa pili wa sekondari alikuwa amefuata namba zangu zote. Kwa dakika moja nilishindwa kumchukia, na hilo nalo likanichukiza.

Nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza. Wa tatu. Wa tano.

"Na wa pili?" nikauliza.

Hakunielewa. Nikaweka kidole juu ya karatasi. "Niliandika mbele na nyuma."

Kasereka aliangalia ukuta, kisha mikono yake. Akalamba kidole, bila shaka, akashika kona moja na kujaribu kuibandua. Karatasi ilichanika katikati ya mchoro wa utumbo mwembamba. Nyuma yake kulikuwa na uji tu, uliogeuka bluu kwa wino wangu.

"Bon," alisema polepole. "Hapa nilikosa."

Masika alicheka kile kicheko chake cha aibu. "Haina neno. Kesho kisha misa tunaenda Beni kuchukua kanzu yangu ya harusi, utasoma kwenye njia. Sivyo, Kavira?"

Nikasikia "mm" inapanda kooni, laini, yenye utelezi, kama ule uji. Leo hakuna kitu kilichonitia kinyaa kuliko hicho. Si ulimi wa Kasereka, si mende. Ni sauti yangu mwenyewe, ambayo kila siku inawafungulia watu mlango wakachukue wanachotaka.

Nikaimeza.

"Hapana," nilisema.

"Hapana nini?"

"Beni hapana. Kesho hapana."

Masika ndiye aliyeelewa kwanza. "Mama hatatuachilia sisi babili!"

"Najua."

"Kavira, unataka kuniharibia ndoa?"

"Nataka makaye yangu. Kesho kisha misa tutakaa hapa batatu, tutaandika yote inaonekana. Ile ya nyuma, nitaomba kwa Mumbere."

Mumbere ana daftari kamili. Tumesoma naye darasa moja miaka mitatu, na sijawahi kumwambia neno lolote isipokuwa "samahani" nikipita mbele yake. Sasa nimeshataja jina lake mbele ya mashahidi. Jumatatu itabidi nifungue mdomo.

Masika alitoka nje akapiga mlango mpya, ambao bado haufungi vizuri. Kasereka alibaki. "Shemeji iko na haki," alisema, nusu kwangu, nusu akijisemea. "Kanzu haikimbie."

Sasa niko nyumbani. Nimenawa mikono kwa sabuni mara tatu na bado inanuka muhogo. Masika anakunja nguo zake kwa hasira upande ule wa chumba. Najiuliza kama inawezekana mtu akutie kinyaa na bado usitake apatikane shemeji mwingine badala yake. Naona inawezekana. Sijapenda jibu hilo.

Kesho Kasereka ataleta kalamu tatu. Nimempa sharti moja tu, na nilipolisema sauti yangu ilitoka kubwa hata mimi nikashtuka: asilambe hata moja.