Chupa Uliyoinywa Bariyerini

Mpendwa Baba,

Meza yetu ya kulia pale mtaani Jabe ilikuwa maabara yako. Kabla sijajua kupika ulishanifundisha kuangalia briozoa: vinyama vidogo kuliko punje ya ulezi, maelfu wakishikamana juu ya kijiti majini hata mtu akadhani ni uchafu. "Angalia mikono," ulisema. Ikijipanga kama kwato la farasi, na mdomo ukiwa na kifuniko cha nyama, ni kundi la maji matamu. Ikizunguka duara, bila kifuniko, ni ndugu wa wale wa baharini.

Jumamosi ile ya vita tulitoka ziwani na chupa moja. Ulikuwa umeona duara. Kifuniko ungekitafuta nyumbani.

Bariyerini, kwenye kizuizi cha barabarani, wanaume watatu wenye bunduki walitusimamisha. Wiki hiyo mji mzima ulisema maji yametiwa sumu.

"Mwalimu, iyi ni nini?" mmoja aliuliza, akiinua chupa.

"Ni wanyama."

"Wanyama wapi? Mi naona buchafu."

Ukampa lenzi yako. Ukamweleza kwamba utumbo wao umepinda, mdomo uko ndani ya duara la mikono na njia ya haja iko nje yake. Hakucheka. Akanielekezea mimi bunduki.

"Kama si sumu, kunywa. Yote. Na kijiti ulambe."

Ulikunywa. Ukalamba. Tukasimama juani, wao wakingoja uanguke. Nami nilingoja, Baba, kwa sababu hofu ilishanifanya nisiwe na hakika.

"Haya, mupite."

Nyumbani ulitapika, ukaoga, ukafungua daftari. Penye jina la kundi uliandika alama ya kuuliza. Asubuhi ukarudi ziwani peke yako, na hukuonekana tena. Tulikutafuta hospitalini, tukaenda hadi kwenye ofisi za serikali kule Kigobe. Hatukupata hata kiatu.

Sasa nami nafundisha biolojia. Mama husema ukaidi wako ndio uliokuua. Sijawahi kumwambia kwamba jioni ile, yeye akiwa kwenye sala, uliniuliza: "We unaonaje, binti yangu? Niache kuwatafuta?"

Nilikuonea huruma. Nikasema, "Apana, Baba. Vijiti vingine si viko palepale?"

Ulifurahi. Ulifurahi sana, Baba.

Mama yuko jikoni. Nikiweka kalamu chini naenda kumwambia.

Pumzika salama, popote walipokulaza.

Binti yako