Dawa ya Joash Isingoje

Langas, Eldoret
14 Oktoba 1990

Mpendwa Dada Kavetsa,

Kabla ya yote nakusihi, ukimaliza kuisoma barua hii uichome. Usimsomee mtu wetu yeyote huko Birmingham, hata wale mnaosali pamoja. Mimi ni karani wa hospitali, na mambo ya wagonjwa hatuna ruhusa kuyatoa nje. Tena siku hizi neno dogo laweza kumfikisha mtu pabaya.

U hali gani na baridi ya huko? Watoto wameizoea shule? Sisi tunaendelea. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini jembe hajaliacha. Sweta uliyomtumia anaivaa kanisani hata jua likiwaka.

Habari yenyewe ni ya kaka yetu Joash. Unamkumbuka alivyokuwa na nguvu, akipakia magunia ya mahindi kwenye malori. Tangu Agosti anakohoa na kukonda. Wiki jana alishindwa kupumua, nikampeleka idara ya dharura, pale pale ninapoandikisha wagonjwa. Wakamtoa damu, wakamlaza.

Majibu yalipokuja, daktari hakumwambia yeye. Desturi ya hapa ni kumwambia mtu wa nyumbani, ili mgonjwa asikate tamaa. Alinieleza mimi kwa Kiingereza, na Joash amelala katikati yetu akitutazama midomo. Ni ukimwi. Daktari alisema kuna vidonge viitwavyo AZT. Haviponyeshi, lakini humwongezea mtu siku, na kwa hali ya Joash havifai kucheleweshwa. Hospitali yetu haina. Alimwandikia dawa ya kifua, akasema akipata nafuu aende nyumbani.

Daktari alipoondoka Joash aliniuliza, "Karani, amesema nini?"

Nikajibu, "Ni kifua tu."

"Kifua tu, na Kiingereza chote kile? Baba aliuza ng'ombe usome, kumbe ni ili uje kunificha mimi?" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Jana nilimwambia kweli. Aligeukia ukuta. Kisha akauliza, "Hiyo dawa iko wapi?" Hakuuliza kingine.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ni muuguzi, na kazi yako ni kupokea wagonjwa wa ghafla. Je, mtu kama Joash akifika kwenu huanzishiwa dawa hiyo mara moja, au naye huambiwa angoje? Humezwa vipi? Ikimdhuru, tutaonaje? Na yuko daktari awezaye kumwandikia mtu aliye mbali, au Nairobi kuna mahali pa kuipata? Tafadhali usichukue kitu kazini kwako kwa siri. Nauliza njia ya halali tu, kwa sababu naogopa kukuharibia kazi.

Mkewe, Nangila, yuko kijijini na mtoto. Daktari anataka naye apimwe. Joash amesema nisiende kumwambia mimi. Nangila atakuja Jumamosi kumwona, na Joash atamwambia kwa mdomo wake. Mama hajui bado. Ukimwandikia, muulize habari za magoti tu.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mungu aliyewafikisha huko salama azidi kuwalinda, na kazi ya mikono yako aibariki.

Jibu lako usilitume hospitalini, maana mkubwa wetu hufungua barua za makarani. Piga simu dukani kwa Mzee Ndungu, jirani yetu hapa Langas, Jumapili yoyote baada ya ibada. Nambari iko nyuma ya karatasi hii; inakili kabla ya kuichoma. Mzee akiuliza, sema ni habari za nyumbani. Joash akitoka wodini atakaa kwangu, na dukani tutakwenda wote wawili. Hata kama jibu ni kwamba dawa haipatikani, piga upesi, tujue la kufanya. Wala usiniite mimi kwenye simu. Mwite Joash, umweleze mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani.

Mdogo wako akukumbukaye kila siku,
Jeconia