Saa Ninayoweza Kujifunga Mwenyewe

Jumamosi, Juru, kambini. Mawingu yamekaa juu ya mahindi tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Nami nimekaa hivyo hivyo kwenye kiti, simu juu ya goti, naandika kwa kidole kimoja.

Feza ameondoka leo.

Feza ni mjane wa mwanangu Yosefu. Tangu tumzike Yosefu tunakaa uwanja mmoja, mlango wake unatazama mlango wangu. Hakuachiwa mtoto. Angeweza kuniacha zamani, hakuniacha, na mimi sikumshukuru hata siku moja, kwa sababu nilifikiri ukimshukuru mtu mingi anaharibika.

Niseme kwanza habari ya saa, maana yote imetoka hapo.

Mkono wangu wa kushoto unaishia kwenye kiwiko. Ulibaki Kongo, na hiyo si habari ya leo. Nalima kwa huu mmoja, kwa jembe la mpini mfupi, na maharagwe yangu yanawashinda wenye mikono miwili, waulize. Lakini msimu uliopita nilianguka katikati ya mahindi, mguu ukageuka, nikalala pale naita mpaka sauti ikaisha. Watu walikuwa kanisani. Binti yangu Mapendo, anayeishi ng'ambo, aliposikia alilia kwenye simu, halafu akatuma saa. Si ya kuangalia saa tu. Hii ina akili yake. Inasikiliza moyo kupitia ngozi, na ukianguka inampigia Mapendo kule, naye anapigia watu wa huku. Ikizimika pia anaona, na hapo anaanza kusumbua dunia nzima.

Saa ni nzuri. Mkanda wake ni upuuzi.

Aliyeuchora ule mkanda ana mikono miwili na hajawahi kuumwa hata kidole. Ni mpira laini, upande mmoja una matundu, upande mwingine una kichwa kama uyoga. Unapitisha mkia kwenye dirisha dogo, unasukuma uyoga uingie tunduni, halafu mkia unaufichia ndani. Kwa mkono gani? Saa inakaa kwenye mkono niliobaki nao, na mkono huo huo ndio ungetakiwa kufunga. Nilijaribu kwa meno. Meno ya mbele yamekwenda zake, mkanda ukateleza kama kambare.

Basi Feza alikuwa anavuka uwanja kila asubuhi. Anachukua mkono wangu, anaufuta kwa kitenge chake, anafunga, anapitisha kidole chini ya mkanda kuona kama haubani. Nami namgombeza. Umevuta mingi. Umelegeza. Vidole vyako baridi kama vya chura. Jioni anarudi, anafungua, anaiweka saa kwenye chaji ya sola.

Hakuna mtu mwingine anayenishika mkono. Sikuwahi kuliwaza hilo mpaka leo.

Wiki hii Feza alipata kazi. Ni kazi ya jikoni, kule Ruharo, Mbarara, kupikia wagonjwa, na fasi ya kulala ipo. Kwa mkimbizi wa Juru hiyo ni kama kufunguliwa dirisha. Lakini mama aliyemtafutia alitaka afike kabla ya Jumapili, la sivyo wanachukua mwingine. Feza akakataa bila kuinua macho kwenye maharagwe aliyokuwa anachagua.

"Siendi, mama. Nani atakufungaka saa asubui?"

"Mimi ni mbuzi, nifungwe?"

"Mbuzi anatulia kidogo."

"Feza!"

"Njo ukweli, mama. Mbuzi ukimufunga hatukani mutu."

Ningecheka kama nisingekuwa na hasira. Mwanamke bado ana nguvu, bado anaweza kupata maisha, anakataa mshahara kwa sababu ya uyoga wa mpira! Kesho kutwa Juru yote itasema, bibi yule alimmaliza mwanawe, sasa anamaliza na mjane. Na wangesema kweli nusu.

Jana asubuhi nikampa Feza saa anifunge kama kawaida, nikamwambia naenda Masha kuona mtu wa mbegu. Masha niliipita, nikaona ng'ombe wake wenye pembe kubwa, nikaendelea hadi Mbarara.

Nilimpata fundi wa saa, kijana Mnyankole mwenye kijimeza cha kioo mbele ya duka la vitambaa. Mikanda imening'inia nyuma yake kama nyoka waliokaushwa.

"Karibu, kaaka." Kaaka ni bibi kwa lugha yao. "Nikupe nini?"

"Mkanda wa hii saa. Ninaoutaka ni ule naweza kufunga peke yangu."

Akatazama mkono wangu, akatazama sweta upande wa pili.

"Na mkono ingine iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani inapika."

Aliinamisha kichwa kwa aibu, halafu ikamshinda, akacheka mpaka akashika meza. Nikampenda kidogo.

Kwanza akanipa mkanda wa sumaku. Unajishika wenyewe, hauulizi kitu. Nikafurahi mpaka nilipopitisha mkono karibu na koleo zake, mkanda ukaachana na mimi, ukazirukia koleo.

"Hii nikienda shamba itaolewa na jembe."

"Kaaka, wewe bado unalima?"

"Wewe bado unakula?"

Akanipa mwingine, wa kuvutika, hauna kifungo kabisa, unaingia kama soksi. Ule wa kubana haukupita kwenye vifundo vya vidole vyangu, vimevimba kwa uzee. Uliopita ulikuwa mpana, saa ikazunguka ikalala chini ya mkono, moyo haikuusikia tena. Akanipa wa kitambaa cha kunata, huo ulitaka meno. Nikamwonyesha meno. Akaurudisha ukutani.

Mwisho akatoa mkanda wa chuma. "Hii wakubwa ndio wanavaa," akasema. Mkanda huu pande zake haziachani kabisa. Kifungo chake ni vibati viwili vinavyokunjana kama miguu ya viti vya kukunja vya kanisani. Ukivikunjua, mkanda unakuwa mpana, mkono unapita. Ukivikunja, unabana. Nikapitisha mkono, nikageuza kiganja chini, nikakandamiza kifungo kwenye ukingo wa meza.

Tak.

Ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimeufunga mimi. Nakwambia sijui lini mara ya mwisho nilisikia utamu ule kifuani. Mwanamke aliyekuwa anapima kitambaa mlangoni aligeuka kuangalia kwa nini bibi anacheka peke yake.

"Lakini kaaka," fundi akasema, "kufungua ni maneno mengine. Lazima unabonyeza hapa na hapa, pamoja."

Kila upande wa kifungo kuna kidude kidogo. Vyote viwili vinataka kubanwa mara moja, kwa kidole gumba na kidole kingine, vya mkono mwingine. Nilijaribu kwenye kona ya meza. Nilijaribu kwa goti. Nikauliza kama anaweza kulegeza.

"Nikilegeza itafunguka yenyewe njiani, saa imepotea."

Akabana vile vidude, kifungo kikafunguka, akanitazama usoni.

"Nyumbani iko mtu?"

"Wamejaa," nikamwambia. "Punguza vipande ikae vizuri."

Jioni nikafika na saa kwenye mfuko, kifungo wazi. Nikamwita Feza. Nikaweka mkono mezani kwangu mbele yake, nikageuza, nikakandamiza. Tak. Akaacha mdomo wazi. Akaja, akapitisha kidole chake chini ya chuma, akaona pako sawa.

"Na kuitoa, mama?"

"Nimeitoa mara ngapi dukani."

"Nionyeshe."

Hapo nikafanya nilichokifanya. Nikanyoosha mgongo, nikamuuliza kama ananiita mwongo, mimi mama wa mume wake. Nilijua hawezi kujibu. Hakuna mukwe aliyelelewa vizuri anayeweza kujibu swali hilo. Akashusha macho, akasema, "Hapana, mama. Basi nitaenda."

Nilikuwa nimeshinda. Nilikula ugali wangu wote.

Nililala na saa mkononi. Leo asubuhi, kabla sijatoka nje, nikasikia miguu yake inavuka uwanja. Amezoea. Aliingia, akaona saa imekwisha kufungwa, akasimama pale, mikono yake haijui pa kwenda. Akaishia kuifutia kwenye kitenge.

"Umeamka mapema, mama."

"Mimi si mvivu."

Hiyo ndiyo kwaheri niliyompa. Mwanamke amenitunza kama alivyonitunza, nami nikamwambia mimi si mvivu. Akajitwika mfuko wake na beseni, akaenda kutafuta gari. Alipofika njiani aligeuka. Mimi nilijifanya nafukuza kuku.

Tangu hapo napigana na chuma hiki. Nimekibana kati ya mlango na fremu, kikang'ata ngozi, damu ikatoka. Nimekiweka kati ya mawe mawili ya jikoni. Nimetumia meno ya nyuma, nikasikia ladha ya sarafu. Hakifunguki. Aliyekichora alitaka kisifunguke ovyo, na amefanya kazi yake vizuri, Mungu amsamehe.

Na saa ina njaa. Fasi yake ya kulia umeme iko mgongoni, imelalia ngozi yangu, haiwezi kula bila kutoka mkononi. Imetetemeka mchana, ikaonyesha mstari mwekundu. Ikizimika, Mapendo anaona. Akiona, anampigia Feza. Feza akipigiwa, namjua, anavua aproni hapo hapo, anapanda gari la kurudi, anakuta mimi ni mzima, nimekaa kwenye kiti na damu kwenye kifundo. Atajua kila kitu. Na kazi watampa mwingine.

Nimefikiri nimpigie Mapendo mwenyewe, nimwambie saa ina matatizo. Mapendo huwezi kumwambia hivyo. Atamwita Feza haraka zaidi.

Jambo moja limenikaa tangu saa sita. Nilimdanganya Feza ili aende, au nilimdanganya ili asinione nimeshindwa? Najua nitakavyosema mbele ya watu. Nitasema nilimsaidia. Hapa peke yangu sina hakika. Nilipokandamiza kile kifungo mezani, sikuwa nawaza Ruharo hata kidogo. Nilikuwa nawaza, sasa ataona.

Wewe mjukuu uliyenifungulia blogu hii, ukisoma funga mdomo. Mama yako Mapendo hasomi, anasema nagombeza hata kwa maandishi. Mwache aendelee hivyo hivyo.

Kuna Goreti. Ni Mrundi, Mkatoliki, anakaa nyuma ya migomba yangu. Ndiye mtu wa karibu kuliko wote na vidole vyake vina nguvu, namwona anavyopura maharagwe. Hatusalimiani. Mbuzi wake waliingia shambani kwangu, nami nikamwambia kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake wote, kwamba mbuzi hula kwa adabu aliyowafundisha mwenye mbuzi. Walicheka. Yeye alichukua dumu lake lisilojaa akaenda. Sijamwomba radhi. Sikuona sababu.

Na si jambo la leo tu, hapo ndipo panaponiuma. Asubuhi nitajifunga mwenyewe, sawa. Lakini kila jioni, maadamu Feza yuko kule na mimi niko hai, nitapita kwenye migomba ile nikiwa na mkono mbele, kama mtu anayeomba chumvi.

Nimekaa nikitafuta nitaanzaje. Nikianza na mbuzi, tutagombana kabla ya kufika kwenye saa. Nikianza na saa, ataniuliza kuhusu mbuzi. Labda nitaingia tu, niuweke mkono mbele yake, niseme, Goreti, bonyeza hapa na hapa. Halafu yale maneno mengine yatoke kama yanaweza kutoka. Sijawahi kuyatoa, sijui kama yapo.

Imetetemeka tena. Namsikia anasali rozari yake, kwa hiyo yuko nyumbani. Nitasubiri afike amina, halafu naenda kabla sijabadili nia. Atanicheka, na ana haki. Acha acheke, mradi abonyeze.